Nani Anayetarajia?

Mwaka juzi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayeishi Nanyamba, aliniletea barua nyumbani kwangu Mikindani akiwa ameikunja mara nne mfukoni mwa shati. Aliniamkia, nikaitikia, akakaa kwenye mkeka barazani, akanyamaza kwa muda ule ambao kijana wa kwetu hunyamaza anapokuwa na jambo analoona haya kulisema. Barua ilikuwa ya Kiingereza, imetoka katika kampuni moja iliyomfanyia usaili wa kazi ya ghalani, na maneno yaliyomponza yalikuwa matatu tu: alikuwa "expected to report" Jumatatu saa mbili asubuhi. Alipoyaingiza katika programu ya tafsiri kwenye simu yake aliambiwa "unatarajiwa kuripoti", naye akaelewa kama ambavyo Mswahili yeyote mwenye adabu angeelewa, yaani kwamba wale mabwana wana matumaini ya kumwona siku hiyo, na kama siku hiyo haikuwezekana, basi ya pili au ya tatu yake. Wiki ile dada yangu alishikwa na homa. Kijana akamuuguza, akaenda Jumatano, akakuta nafasi imekwisha kupewa mwingine.

"Mjomba," aliniambia, "si walisema wanatarajia tu?"

Hiyo "tu" ndiyo iliyonichoma. Nilifundisha Kiingereza katika shule za sekondari kwa miaka 29, na kila mwaka niliandika ubaoni "expect: kutarajia", wanafunzi wakanakili, nikafuta, nikaendelea na neno linalofuata. Tena kwetu, ambako ukoo hufuata upande wa mama, mjomba huulizwa mambo ya mpwa wake hata kabla ya baba kuulizwa, kwa hiyo kosa la kijana huyu lilikuwa langu mara mbili, kwa ualimu na kwa ujomba. Tangu siku ile nimekuwa nikikichunguza kitenzi hicho kama mtu anayechunguza noti aliyopewa chenji gizani.

Waingereza walikichukua kutoka Kilatini katika karne ya 16. Kwa Walatini kilikuwa "exspectare", na ndani yake mna vipande viwili: "ex", maana yake nje, na "spectare", maana yake kutazama, ambacho ndicho hichohicho kilichozaa neno la Kiingereza la mtazamaji wa mpira, "spectator". Kwa hiyo mtu wa kwanza aliyelitumia neno hili alikuwa amesimama mlangoni akitazama nje, njia anayopita mgeni. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu Kiswahili kilifika palepale kwa miguu yake chenyewe, bila kuuliza njia Roma. Tunacho kitenzi kutazama. Tukakitia katika kauli ya kutendea, tukapata kutazamia. Mtu anayemtazamia mgeni ana macho yake njiani. Hakuna mahali katika neno hilo panaposema kwamba anampenda huyo mgeni au kwamba anamchukia. Linasema tu kwamba, kwa dalili alizonazo, anamwona anakuja.

Kutarajia kuna asili nyingine. Kumetokana na Kiarabu, na mzizi wake huko ni wa matumaini. Anayetarajia anatazama mbele, ni kweli, lakini anatazama kwa moyo unaotaka jambo liwe. Mwalimu mwenzangu mmoja wa Masasi, Mwanglikana wa toka enzi za babu yake, ndiye aliyenionyesha jinsi watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walivyolijua jambo hili vizuri kuliko sisi tuliokuja baadaye na chaki. Katika Waraka kwa Waebrania, pale panapoeleza maana ya imani, waliandika "mambo yatarajiwayo", na mahali hapo Kiingereza hakisemi "expect" hata kidogo, kinasema "hope", yaani kutumaini. Lakini pale Yohana Mbatizaji, akiwa kifungoni, anapotuma watu wamuulize Yesu kama yeye ndiye ajaye, swali linamalizika kwa "au tumtazamie mwingine?" Hapo hakuna shauku wala mapenzi, kuna mtu anayetaka kujua aelekeze macho wapi. Maneno mawili, kazi mbili, na waliyagawa bila kuyachanganya. Sisi wa leo tumelichukua la kwanza tukalifanyisha kazi zote mbili, kisha tukaliongezea ya tatu na ya nne.

Nilishuhudia matokeo yake mwezi Aprili 2019, wakati kimbunga Kenneth kilipokuwa baharini. Redio ilisema, na magari ya matangazo yakapita mitaani yakisema, kwamba kimbunga hicho "kinatarajiwa" kuipiga Mtwara. Tarehe 25 shule zilifungwa, watu wa mabondeni wakaambiwa wahamie sehemu za juu, sisi wengine tukaweka mawe juu ya mabati. Jirani yangu, bibi mmoja aliyezaliwa Lindi na aliyekuwa msichana mdogo kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1952 kilipoupiga mji ule, alikuwa amekaa mlangoni pake akichambua mchele. Gari likapita, likatangaza, likapotea. Akaniuliza, "Mwalimu, nani anayekitarajia?" Nikamwambia ni watu wa hali ya hewa. Akasema, "Mie sikitarajii. Mie nakihofia." Akaendelea na mchele wake.

Usiku ule Kenneth alitua kusini mwa mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, akawaumiza watu wa Cabo Delgado ambao wengi wao ni ndugu zetu kwa damu na kwa lugha, nasi tukaondoa mawe kwenye mabati. Swali la bibi likabaki barazani. Kitenzi cha Kiingereza hakina upande: Mwingereza anaweza kutazamia zawadi, mvua, hasara au msiba kwa kitenzi hichohicho, wala sauti yake haibadiliki. Chetu cha kutarajia kina upande, na masikio ya mtu aliyekulia ndani ya lugha hulalamika yanaposikia kwamba vifo "vinatarajiwa kuongezeka". Najua wako watakaoniambia kwamba lugha hukua, kwamba neno limekwisha kupoa na kuwa la kawaida katika magazeti. Huenda. Lakini kutazamia kupo, hakuna gharama, na kwa jambo baya tuna kuhofia na kuchelea, maneno yaliyokaa tayari kama ndoo kando ya kisima.

Neno jingine ambalo vijana hulitumia sana mahali hapa ni kutegemea. "Nategemea kwenda Dar wiki ijayo," anasema dereva wa bodaboda, na hakuna anayeshangaa. Nilipokuwa kazini nilikuwa nikilikatia mstari mwekundu, nikieleza kwamba kutegemea ni kuegemea, ni kuweka uzito wako juu ya kitu kingine, na ndiyo maana wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Safari ya Dar haiwezi kubeba uzito wa mtu. Siku hizi sina ukali ule, kwa sababu nimeona kwamba mara nyingine kijana amelichagua neno sawasawa bila kujua. Mkulima wa Tandahimba akisema anategemea kulipa ada ya mtoto baada ya mnada wa korosho, hatazami njia wala hatumaini tu: amekwisha kuegemea. Amekopa kwa mwenye duka, amemwahidi mwalimu mkuu, uzito wote uko kwenye magunia yaliyoko ghalani. Msimu wa 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo, minada ikasimama na Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walingoja malipo huku wakiwa tayari wameegemea. Kiingereza kingesema walikuwa na "expectations". Kiswahili kinaweza kusema zaidi ya hapo, kikitaka.

Sasa nirudi kwenye barua ya mpwa wangu, kwa maana kosa lake halikuwa la kutazamia wala la kutumaini. "Expect", kikifuatwa na mtu na baada yake kitenzi cha jambo la kufanya, hubadilika sura kulingana na nani anamwambia nani. Mtoto akimwambia baba yake kwamba anatazamia apewe baiskeli, hilo ni ombi lililovaa koti. Mwajiri akimwambia mwajiriwa kwamba anatazamiwa afike saa mbili, hiyo ni amri iliyovaa koti hilohilo. Neno halikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni cheo. Waingereza wanaona adabu kuamrisha hivyo, kana kwamba mkubwa anaeleza tu hali ya mawazo yake, lakini ole wake anayeyachukua kuwa mawazo. Tafsiri sahihi ya barua ile ilikuwa "unatakiwa kufika", au kwa ufupi zaidi, "ufike".

Mfano mashuhuri kuliko wote wa matumizi hayo ulipeperushwa kwa bendera. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1805, karibu na rasi ya Trafalgar huko Hispania, Admirali Nelson alitaka kuwatia moyo mabaharia wake kabla ya kupigana na merikebu za Wafaransa na Wahispania. Alimwagiza ofisa wake wa ishara, Luteni John Pasco, apandishe ujumbe kwamba Uingereza "confides", yaani ina imani, kuwa kila mtu atatimiza wajibu wake. Pasco akaomba ruhusa ya kubadilisha neno moja. Katika kitabu cha ishara walichokuwa wakikitumia, "expects" lilikuwa na bendera zake tayari, ilhali lile la imani lingelazimu kuandikwa herufi moja moja, na muda haukuwapo. Nelson akakubali. Hivyo, kwa sababu ya kubana bendera, nchi iliyokuwa imwambie baharia "nakuamini" ikamwambia "natazamia kwako", na kila aliyesoma alisikia ndani yake sauti ya mkubwa. Nimemsimulia mpwa wangu habari hii ili ajue kwamba hakuwa wa kwanza kukutana na neno hilo likiwa limebeba kitu kisichokuwa chake. Alinijibu kwamba Nelson hakunyimwa kazi.

Yapo matumizi mepesi zaidi, nayo nitayapitia haraka. Waingereza husema "I expect" wakiwa hawatazamii chochote. Maana yake ni nadhani, au bila shaka, kama mtu akuonaye umetoka shambani na kusema bila shaka umechoka. Kisha kuna mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, mvulana mrefu wa mstari wa nyuma, ambaye katika barua ya kujifunzia kuandika alimaliza kwa "I am expecting", akaweka nukta. Alikuwa amesahau kusema anatazamia nini, na kitenzi hicho kikiachwa peke yake namna hiyo, bila kitu kinachotazamiwa, Kiingereza huwa kimekwisha kuamua chenyewe: mtu huyo ni mjamzito. Nilimwita pembeni nikamweleza, naye akafuta ukurasa mzima. Kwetu mama wa namna hiyo huitwa mama kijacho, na nalipenda jina hilo, kwa sababu linamtaja yule ajaye badala ya kumtaja anayetazama. Kliniki humhesabia siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho na kumwandikia tarehe kwenye kadi. Yeye huipokea, huiweka kwenye mkoba, na husema inshallah.

Neno hilo nalo linastahili nafasi hapa. Sidhani kuna mtu wa pwani yetu, awe msomi au mvuvi, anayesema kesho atafika Kilwa akanyamaza. Atasema inshallah, na kwa kufanya hivyo atakuwa ametenganisha mambo mawili ambayo "expect" huyafunga pamoja: dalili alizonazo yeye, na hukumu isiyo yake. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga, abiria waliokuwa na tiketi mkononi walikuwa na kila dalili ya kufika. Dalili ya mvua ni mawingu, ndivyo tunavyosema, lakini mawingu hayajawahi kumwahidi mtu.

Wanafunzi wangu pia walichanganya kutazamia na kungoja, na hili lilikuwa gumu kulifundisha mpaka nilipowapeleka kwa mawazo kwenye pantoni ya Msangamkuu. Aliyesimama ufukweni upande wa mjini na mzigo wake kichwani, akihesabu dakika mpaka pantoni irudi kutoka ng'ambo, huyo anangoja. Mwili wake umeshikwa, hana kazi nyingine. Mkewe aliyeko Msangamkuu, anayepika kwa sababu anajua mume ataingia magharibi, huyo anamtazamia. Mikono yake ina shughuli, akili yake ndiyo iliyotoka kwenda gatini. Kiingereza hutenganisha hapo kwa "wait" na "expect", na Kiswahili hutenganisha vilevile. Kilichowapotosha wanafunzi ni mimi na ubao wangu, kwani niliwapa neno moja la upande huu na neno moja la upande ule nikaacha wafikiri kwamba yanalingana kama sahani na kifuniko chake. Tena tunacho kusubiri, chenye subira ndani yake, ambacho Kiingereza hakina neno moja linalokifikia. Anayesubiri anangoja kwa adabu.

Kuna ndugu mmoja wa "expect" ambaye wasomi hupenda kumtumia ili waonekane wasomi, naye ni "anticipate". Vitabu vya matumizi ya Kiingereza vimehangaika naye kwa muda mrefu. Naye ni wa Kilatini, ila mzizi wake si kutazama bali kutwaa: kutwaa kabla. Anayetazamia anajua kwamba jambo linakuja. Huyu wa pili anajua na anatangulia kulikabili. Tofauti hiyo sikuielewa vizuri vitabuni, niliielewa katika mikorosho. Ubwiriunga ni ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua na majani machanga wakati wa baridi na umande, na mkulima anayengoja mpaka maua yawe meupe kwa ukungu ndipo atafute salfa amekwisha kupoteza msimu. Jirani yake huanza kupuliza machipukizi yanapotokeza, ugonjwa haujaonekana hata kwenye tawi moja. Wote wawili waliutazamia ubwiriunga, kwa sababu huja kila mwaka. Mmoja tu ndiye aliyeuwahi. Kuwahi, basi, ndiyo tafsiri yangu, ingawa sijaona kamusi inayonipa.

Yote hayo, hata hivyo, ni madogo mbele ya "inatarajiwa". Umbo hili la kutendwa ndilo linaloingia kwetu kila siku kutoka kwenye taarifa zilizoandikwa kwanza kwa Kiingereza, na hasara yake ni kwamba linamficha mtu. Kiingereza kikisema mradi "is expected" kukamilika mwakani, msomaji aliyezoea lugha hiyo hujua kwamba hayo ni makadirio ya mtu fulani, hata kama hakutajwa. Sisi tunaposema mradi unatarajiwa, tumeongeza matumaini ambayo hayakuwamo na tumemwondoa mwenye kutumaini. Msikilizaji wa kijijini hasikii makadirio; anasikia ahadi.

Mikoa yetu miwili imeishi ndani ya kitenzi hicho kwa muda mrefu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Ilipoamuliwa kujenga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, watu wa Mtwara waliandamana Desemba 2012, na Januari na Mei 2013 ghasia zikazuka, watu wakafa na mali zikateketea. Bomba lilikamilika 2015, likianzia Madimba. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki katika yote yaliyosemwa wakati ule, maana makala yangu ni ya kitenzi. Nasema tu kwamba miaka ile nilisikia neno matarajio mara nyingi kuliko miaka yangu yote iliyotangulia, na kwamba kila upande ulilitumia kwa maana yake. Wenye ofisi waliposema matarajio walikuwa na makadirio kichwani, na vijana wa mitaa ya Magomeni na Chikongola waliposema matarajio walikuwa wameegemea. Kwa jirani zetu wa Lindi kuna kiwanda cha kusindika gesi asilia kuwa kimiminika, kinachotarajiwa Likong'o. Juni 2022 yalitiwa saini makubaliano ya awali. Kinatarajiwa.

Miezi michache iliyopita niliombwa kutafsiri tangazo la mradi mmoja wa maji, kurasa mbili, ili libandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji. Ndani yake "expected" lilikuwamo mara saba. Nilikaa nalo jioni nzima. Mara mbili niliandika "wanakijiji wanatakiwa", kwa sababu ilikuwa amri ya kuchangia nguvu kazi. Mara moja niliandika "itakuwa kiasi cha", kwa sababu ilikuwa hesabu. Mara moja "wataalamu wanahofia", kwa kuwa ilihusu chumvi kwenye kisima. Zilizobaki tatu zilihusu tarehe ya maji kutoka, na hapo kalamu ilisimama, kwa kuwa hati haikusema ni nani aliyeitazamia tarehe hiyo, mkandarasi, mhandisi au mwenye fedha. Kesho yake nikampelekea kijana wa ofisini aliyenipa kazi, nikamwomba anipe mtenda ili niandike "mkandarasi anakadiria" au "mhandisi anatazamia".

Aliisoma karatasi yangu taratibu, akanitazama kwa heshima zote anazostahili mwalimu mstaafu. "Mwalimu," alisema, "ukimwandika jina, mwezi wa tisa watamfuata nyumbani. Tuiache tu 'inatarajiwa'."

Nikaiacha.